Rabi Wako Hatambuliki: Wayahudi wa Mageuzi Mbele ya Mlango wa Dola

Alfajiri ya tarehe 19 Julai 2018, polisi walibisha hodi nyumbani kwa Rabi Dov Haiyun mjini Haifa, Israeli, wakamwamsha na kumchukua kwenda kituoni kuhojiwa. Kosa lake lilikuwa kufungisha ndoa. Haiyun aliongoza jumuiya yake ya Kiyahudi kwa miaka mingi, na siku hiyohiyo alikuwa amealikwa nyumbani kwa rais wa nchi kushiriki mjadala wa dini. Lakini ndoa aliyofungisha haikupitia Baraza Kuu la Marabi, chombo cha dola kilicho mikononi mwa Waothodoksi, na mahakama ya marabi ilidai kwamba amemwozesha mtu ambaye, kwa hesabu zao, haruhusiwi kuoana na Myahudi wa kawaida. Sheria ya mwaka 2013 inaruhusu anayefungisha ndoa ya Kiyahudi bila kuiandikisha kwa baraza hilo afungwe hadi miaka miwili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atashangaa. Kwetu mchungaji wa Kilutheri, padri wa Kikatoliki na sheikh wa mtaa wote wanaweza kupewa leseni ya kufungisha ndoa, na asiyetaka dini anakwenda bomani. Serikali haiulizi ni kanisa lipi lililo karibu zaidi na ukweli. Israeli, nchi inayojiita ya Wayahudi wote, inauliza. Kwa Myahudi anayeishi humo mlango wa ndoa ni mmoja, na ufunguo uko mkononi mwa kundi moja la marabi. Makala hii inafafanua ilikuwaje mlango ukawa mmoja, nani wamebaki nje, na kuwaunga mkono watu hao kunamaanisha nini hasa.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotea. Waothodoksi wa Kiyahudi hawana uhusiano wowote na Kanisa la Othodoksi la Wagiriki au Warusi. Ni Wayahudi wanaoamini kwamba sheria ya dini yao, halakha, ilitoka kwa Mungu na haina ruhusa ya kupunguzwa. Anayejua fikihi ya Kiislamu ataielewa halakha upesi: ni bahari ya hukumu kuhusu chakula, Sabato, ndoa, talaka, mirathi na ibada, iliyojengwa na wanazuoni kizazi baada ya kizazi.

Wayahudi wa Mageuzi walizaliwa Ujerumani. Mwaka 1810, katika mji mdogo wa Seesen, Israel Jacobson alifungua hekalu lenye kinanda na mahubiri kwa Kijerumani, na mwaka 1818 jumuiya ya Hamburg ikafuata. Hoja yao ilikuwa kwamba Mungu hakunyamaza baada ya Sinai. Sheria imekuwa ikibadilika tangu zamani kwa mikono ya binadamu, na kila kizazi kina wajibu wa kupima amri ipi inabeba uadilifu na ipi ni desturi ya wakati wake. Kutoka Ujerumani mwamko huo ulivuka bahari hadi Marekani na Uingereza. Mwaka 1926 Lily Montagu, mwanamke wa London, alikuwa mstari wa mbele katika kuunda Umoja wa Dunia wa Uyahudi wa Kimaendeleo, ambao tangu 1973 makao yake yako Jerusalem.

Katikati wapo wa Masorti, ambao Marekani wanaitwa Wahafidhina. Hawa wanaishika halakha kwa mikono miwili, ila wanakubali kwamba marabi wa leo wana mamlaka ya kuifasiri upya. Rabi Haiyun ni wa kundi hili. Kwa imani wako mbali kidogo na Wanamageuzi, lakini mbele ya dola ya Israeli wote wawili wameketi benchi moja la wasiotambulika, ndiyo maana kesi zao huenda mahakamani pamoja.

Jambo moja linaonyesha tofauti haraka kuliko mengine: wanawake. Mwaka 1935 Regina Jonas alitawazwa kuwa rabi Ujerumani, wa kwanza wa jinsi yake, kisha Wanazi wakamuua katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944. Marekani ilimtawaza Sally Priesand mwaka 1972, na mwaka 1992 Naamah Kelman akawa mwanamke wa kwanza kutawazwa urabi ndani ya Israeli. Katika sinagogi la Mageuzi wanawake na wanaume huketi pamoja, na mwanamke husoma Taurati mbele ya watu. Katika sinagogi la Kiothodoksi kuna pazia au ghorofa.

Sasa ule mlango mmoja. Wengi hudhani uliwekwa na Waisraeli wenyewe. Kwa kweli ni urithi wa Waturuki. Dola ya Osmani iliiachia kila jumuiya ya dini mambo yake ya ndoa na talaka: Waislamu kwa kadhi, Wakristo kwa makanisa yao, Wayahudi kwa marabi. Waingereza walipochukua Palestina waliuacha mfumo ulivyo, na mwaka 1921 likaanzishwa Baraza Kuu la Marabi. Juni 1947, akitafuta umoja wa Wayahudi kabla ya dola kuzaliwa, David Ben-Gurion alitia sahihi barua kwa chama cha Wayahudi wa Kiothodoksi, Agudat Yisrael, akiahidi kwamba Sabato itaheshimiwa, majiko ya serikali yatapika chakula halali cha Kiyahudi, shule za dini zitakuwa na uhuru wao, na masuala ya ndoa yatashughulikiwa kwa namna itakayozuia taifa lisigawanyike. Mwaka 1953 Bunge likaandika sheria: ndoa na talaka za Wayahudi nchini zitafuata sheria ya Taurati. Kwa vitendo, Taurati hiyo inasomwa kwa jicho la Kiothodoksi pekee.

Mfumo huu hauwabani Wayahudi peke yao. Mwanamke Mwislamu wa Nazareth anayetaka kuolewa na Mkristo jirani yake hana pa kwenda, kwa sababu ndoa ya bomani haipo kwa yeyote. Ilipofika 2010 ilitungwa sheria ya muungano wa kiserikali, lakini ni kwa wawili ambao wote wameandikwa hawana dini. Linganisha na Kenya, ambako Katiba ya 2010 inazitambua mahakama za kadhi, ila kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kwenda mbele yake. Tofauti ya mifumo hiyo miwili iko katika ridhaa. Kadhi wa Mombasa anamhukumu aliyemfuata. Mahakama ya marabi ya Tel Aviv inamhukumu hata Myahudi asiyeamini kwamba Mungu yupo. (Najua leo ni vigumu kusoma neno Israeli bila kufikiria Gaza na haki za Wapalestina. Hilo ni suala zito lenye makala zake. Silichanganyi na hili, wala silidharau.)

Basi watu wanafanyaje? Wanapanda ndege. Kupro iko karibu, na ofisi za manispaa zake zimezoea kuwapokea maharusi wa Kiisraeli. Wanafunga ndoa ya kiserikali, wanarudi na cheti, na Wizara ya Mambo ya Ndani inawaandikisha kuwa mke na mume. Njia hii ilifunguliwa na Mahakama Kuu mwaka 1963, katika kesi ya mwanamke Mkristo kutoka Ubelgiji aliyeolewa Kupro na Mwisraeli. Majaji walisema karani wa usajili si hakimu wa uhalali wa ndoa. Akiletewa cheti halali, kazi yake ni kuandika. Sentensi hiyo moja imewabeba maelfu ya maharusi. Wakati wa korona, ndege zilipokosekana, wengine walioana kwa video mbele ya ofisi ya jimbo la Utah, Marekani, wao wenyewe wakiwa sebuleni Israeli, na mwaka 2023 mahakama ikazikubali ndoa hizo pia. Mara nyingi maharusi wakirejea humwita rabi wa Mageuzi awabariki chini ya hema la harusi, mbele ya wazazi na ndugu. Baraka hiyo ndiyo wanayoikumbuka maisha yao yote. Kisheria haina uzito wowote.

Mtu anaweza kusema: kama njia ya kuzunguka ipo, kelele za nini? Kelele ni kwa sababu ndoa ina mwisho pia. Wakiachana, Wayahudi hao waliooana Kupro wanarudishwa kwenye mahakama ya marabi kupata hati ya talaka, get. Kwa halakha ni mume anayempa mke hati hiyo kwa hiari yake. Akikataa, mke anabaki amefungwa, aguna, si mke wa mtu kwa maisha ya kila siku wala si huru kuolewa tena. Marabi wanaweza kumbana mume kwa vikwazo, hata jela, lakini wapo wanawake waliosubiri miaka hadi nywele zikageuka mvi.

Kisha liko suala la kuingia dini, ambalo kwangu ndilo kitovu cha fumbo lote. Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950 inampa kila Myahudi duniani haki ya kuhamia Israeli na kupata uraia. Lakini Myahudi ni nani? Mwaka 1970 Bunge liliongeza maelezo: aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia dini hiyo, na asiye wa dini nyingine. Tazama neno "aliyeingia". Sheria haikusema aliingia kwa mkono wa nani. Waothodoksi walijaribu mara nyingi kuongeza maneno "kwa mujibu wa halakha" wakashindwa, na Wayahudi wa Marekani walipiga kelele kila mara, wakijua kwamba maneno hayo yangewaambia kuwa marabi wao si marabi.

Wakati huohuo sheria hiyo inawafungulia mlango watoto na wajukuu wa Myahudi, hata kama wao si Wayahudi kwa halakha. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika, takriban watu milioni moja walihamia kutoka huko. Mamia ya maelfu kati yao wana baba au babu Myahudi lakini si mama. Wanazungumza Kiebrania, wanatumikia jeshi, wanafunga Yom Kippur, siku ya toba, na kwenye daftari la serikali wameandikwa hawana dini. Hawawezi kuoana na Myahudi nchini mwao. Wakifa, hadi sheria ya mazishi ya kiraia ya mwaka 1996, hata kaburi lao lilikuwa mjadala. Njia ya kuingia rasmi kwa marabi wa serikali ni ndefu, na mwombaji hutakiwa kuahidi maisha ya Kiothodoksi kamili, ahadi ambayo Wayahudi wengi wa kuzaliwa hawaiishi. Jumuiya za Mageuzi na Masorti zikafungua madarasa yao: masomo ya miezi, baraza la marabi watatu, tohara kwa wanaume, josho la mikve, yaani kuzama katika bwawa la ibada. Dola ikakataa kuwatambua waliopitia huko, ingawa wenzao walioingia kwa marabi wa makundi hayohayo New York walitambuliwa.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2005. Majaji waliahirisha na kuahirisha tena, wakilisihi Bunge liamue lenyewe. Bunge halikuamua. Tarehe 1 Machi 2021, kwa kura nane dhidi ya moja, Mahakama Kuu ilisema: anayeishi kihalali Israeli na kuingia Uyahudi kupitia jumuiya ya Mageuzi au Masorti ni Myahudi kwa Sheria ya Kurejea. Wengi walidhani vita vimekwisha. Havikwisha. Hukumu hiyo inahusu uraia tu. Ukitaka kuoa, unarudi kwa Baraza Kuu la Marabi, na wao hawakubanwa na hukumu hiyo. Mtu mmoja anaweza kuwa Myahudi katika dirisha la pasipoti na asiwe Myahudi katika dirisha la ndoa.

Fedha nazo zinasema. Marabi wa Kiothodoksi wa miji na vijiji hulipwa mishahara na serikali. Miri Gold, rabi wa Mageuzi katika kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Gezer, aliwahudumia watu wake bila senti ya umma, akaenda mahakamani mwaka 2005. Mwaka 2012 serikali ilikubali kwamba marabi wa jumuiya za vijijini kama yeye walipwe. Lakini tazama walivyoandikwa: si rabi wa Gezer, bali rabi wa jumuiya isiyo ya Kiothodoksi, na fedha zisitoke Wizara ya Huduma za Dini, zitoke Wizara ya Utamaduni na Michezo. Mshahara ulipatikana, ila mtoa huduma ya dini alipangwa fungu moja na kocha wa mpira wa kikapu.

Habari za Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa Wayahudi pa kuswalia Jerusalem, zimesikika zaidi magazetini. Tangu Desemba 1988 kundi la wanawake hukusanyika hapo kila mwezi mpya wa Kiyahudi kuswali kwa sauti, wamevaa vitambaa vya ibada ambavyo kwa mapokeo huvaliwa na wanaume. Wametukanwa, wamekamatwa, hadi jaji Moshe Sobel alipoamua mwaka 2013 kwamba hawavunji sheria. Januari 2016 serikali ilipitisha mpango wa kujenga eneo la heshima upande wa kusini ambapo familia ingeswali pamoja. Juni 2017, kwa shinikizo la vyama vya dini, Benjamin Netanyahu aliusimamisha. Kwa maoni yangu ukuta umepewa kamera nyingi kuliko uzito wake. Asiyeruhusiwa kuswali pale atakavyo anaumia. Asiyeweza kuoa nchini mwake ameumia zaidi.

Haki inadai niseme upande wa pili kwa nguvu zake, kwa sababu Waothodoksi si watu wabaya wanaolinda ulaji tu. Hofu yao kuu ni kugawanyika kwa taifa. Tuseme marabi wa Mageuzi Marekani wanakubali talaka ya serikali bila get. Mwanamke anaolewa tena, anazaa. Kwa halakha ya Kiothodoksi bado ni mke wa yule wa kwanza, na mtoto wake anabeba doa linalomzuia kuoana na Wayahudi wengi. Au chukua uamuzi wa marabi wa Mageuzi wa Marekani mwaka 1983, kwamba mtoto wa baba Myahudi pekee, akilelewa Kiyahudi, ni Myahudi. Baada ya vizazi viwili, wanasema, kila upande utahitaji daftari la nasaba kabla ya posa. Hiyo si hoja ya kupuuza. Umoja wa taifa lililonusurika maangamizi si maneno matupu.

Lakini tazama kilichotokea kwa miongo saba ya mlango mmoja. Daftari mbili zipo tayari: ya wizara na ya marabi. Vijana wasioamini wanazidi kuikwepa ofisi ya dini, na wengi wakisikia neno "rabi" wanakumbuka fomu, foleni na kukataliwa. Hata miongoni mwa Waothodoksi wapo marabi walioanzisha mabaraza yao ya kupokea waongofu nje ya lile la serikali, kwa sababu wanaona ukali huo unawafukuza watu badala ya kuwaleta. Ukiritimba uliokusudiwa kulinda dini umeifanya ionekane idara ya serikali, na hilo linapaswa kumhuzunisha muumini kabla ya mwingine yeyote.

Mbona basi Bunge halibadilishi? Hesabu. Bunge hilo, Knesset, lina viti 120 na hakuna chama kilichowahi kupata 61 peke yake. Vyama vya Kiothodoksi kali, Shas na Yahadut HaTorah, mara nyingi ndivyo vinavyokamilisha idadi, na bei yao inajulikana. Upande wa Mageuzi haukuwa na rabi hata mmoja bungeni hadi Gilad Kariv alipochaguliwa mwaka 2021 kupitia chama cha Labour. Na wapiga kura wao ni wachache: uchunguzi wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa 2016 ulikuta asilimia 3 tu ya Wayahudi wa Israeli wanajitaja kuwa wa Mageuzi na 2 wa Masorti. Marekani, kwa uchunguzi wa taasisi hiyohiyo wa 2020, ni 37 na 17, huku Waothodoksi wakiwa 9. Wenye idadi kubwa hawapigi kura Israeli.

Hapo ndipo neno "kuunga mkono" linapopata maana yake. Kwa miaka mingi lilimaanisha hundi kutoka Marekani na wakili wa Jerusalem: kituo cha kisheria cha Wanamageuzi kilianzishwa 1987, nacho ndicho nyuma ya nyingi ya kesi nilizozitaja. Kazi hiyo haina mbadala. Hata hivyo jumuiya haijengwi na hukumu. Har El ya Jerusalem, ya kwanza ya Mageuzi kudumu nchini, ilianza mwaka 1958. Beit Daniel ya Tel Aviv ilifungua milango 1991, na inajulikana kwa chekechea zake na kwa familia zinazomleta mtoto kusoma Taurati kwa mara ya kwanza, familia ambazo haziendi sinagogi siku nyingine. Mzazi akiona binti yake wa miaka kumi na miwili anasoma mbele ya watu bila woga, swali la nani amempa rabi cheti linageuka kuwa la kwake. Naamini huko, penye chekechea na mazishi na harusi, ndiko asilimia 3 inakoweza kukua, mahakama itafuata.

Suala hili lina mguu mmoja huku kwetu. Mwaka 1919, karibu na Mbale, Uganda, jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu aliachana na Ukristo wa wamisionari, akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanza kuishika Sabato. Watu wake wanaitwa Abayudaya, neno la Kiganda la Wayahudi. Idi Amin alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, na kutoka maelfu wakabaki mia chache. Kampala ilianguka mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka ya Kiyahudi, ya kukumbuka kutoka utumwani Misri.

Mwaka 2002 marabi wa Masorti kutoka nje walifika Mbale, wakaketi baraza, na mamia ya Abayudaya wakapita katika josho ili Uyahudi wao usiwe na shaka. Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee waliosimama baada ya Kakungulu, alisoma Los Angeles akatawazwa rabi mwaka 2008, kisha mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, wakamchagua kuwa mbunge wao. Mwaka huohuo Shirika la Kiyahudi, linaloshughulikia wahamiaji wa Israeli, liliitambua jumuiya yake. Miaka miwili baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia kwa Sheria ya Kurejea. Hakuna aliyebisha kwamba anashika Sabato, wala kwamba aliingia majini mbele ya mashahidi. Kilichobishaniwa ni kama jumuiya iliyompokea ilihesabika.